Magdalena wa Pango la Watamu

Nilipokuwa kijana, cheti changu cha masomo ya jioni kikiwa bado kinanukia wino, niliamini bila chembe ya shaka kwamba Mtakatifu Maria Magdalena aliishi Watamu. Si kwamba alipita. Aliishi. Alikaa miaka thelathini ndani ya pango la mwamba pale ufukweni, bila uzi mwilini, amefunikwa na nywele zake mwenyewe mpaka vidole vya miguu, na kila ukifika wakati wa chakula malaika walishuka, wakampandisha mbinguni, akala, wakamrudisha. Sikuwahi kujiuliza kwa nini malaika wasimletee sahani huku huku chini, ikawa kazi nusu. Msomi haulizi maswali madogo madogo.

Habari hizi zilitoka kwa mtu wa kuaminika kabisa, yaani katekista wetu. Kigango chetu kilikuwa njia ya Jilore, kanisa la kuta za udongo na paa la makuti, na padri alikuja kwa pikipiki kutoka Malindi mara moja kwa mwezi, mvua ikipenda. Siku zilizobaki mbingu na nchi zilikuwa chini ya katekista. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo, kengele, kalenda ya watakatifu, na sauti ambayo ingeweza kuangua nazi bila mkwezi kupanda.

Kati ya mali za kanisa kulikuwa na picha moja kubwa, zawadi ya mtalii mzee aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kuhangaika nayo uwanja wa ndege. Ilionyesha mwanamke aliyepiga magoti pangoni, nywele zinamwagika kama maji ya mtungi uliovunjika, kando yake kuna kijichupa cha marhamu na fuvu la kichwa. Mtalii alituambia jina tu, Magdalena, akapanda gari akaenda zake. Mengine yote katekista alijaza mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiacha picha ikae hivi hivi bila maelezo.

"Huyu," alisema, akiinyooshea fimbo, "alikuwa malaya. Tena si malaya wa kichochoroni. Malaya wa Yerusalemu nzima! Akakutana na Bwana, akalia, akamwosha miguu kwa machozi, akaikausha kwa nywele. Bwana alipopaa, maadui wakamtia chomboni, hamna tanga, hamna kasia, wakamsukuma baharini ili afe. Hakufa. Mawimbi yakamleta."

"Yakamleta wapi, mwalimu?" mtu akauliza.

"Ninyi macho mmepewa ya nini? Utazameni huo mwamba!"

Tukautazama. Kweli ulikuwa umetoboka toboka kama miamba ya Watamu. Katekista mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Matsangoni, na mtu wa Matsangoni hujihesabu kuwa mwenyeji wa kila jiwe la Watamu. Basi, ushahidi ukakamilika, tukaimba wimbo wa kufunga.

Wengine waliishia kuamini. Mimi nilifanya utafiti. Nilipanda baiskeli, nikaenda Watamu jua likiwaka kiasi kwamba kivuli changu kilikataa kunifuata, nikaingia pango la kwanza nililoliona. Humo nilikuta majivu ya wavuvi, magamba ya kaa, na, nusura nizimie, unywele. Mmoja, mrefu kuliko mkono wangu, wa rangi ya kahawia, umenasa kwenye mwamba. Niliuchukua kwa vidole viwili, nikauweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo, na tangu siku hiyo nikawa naimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Niseme neno kuhusu usomi wangu, maana mtu anaweza kudhani najisifu. Nilisoma ngumbaru, pale Malindi, pamoja na walinzi, mayaya na wachukuzi wa sokoni. Mchana tulikuwa watu wa kawaida, jioni tulikuwa maprofesa. Nilisoma kwa bidii mpaka nadhani mafuta ya taa yaliadimika hadi Magarini. Nilifaulu. Nilipokuwa nikirudi kijijini watu walianza kuniita mwalimu, na mimi, kwa unyenyekevu, sikuwakataza.

Mambo haya yote yangebaki kuwa starehe ya Jumapili lau si dada yangu.

Mdogo wangu huyu wa kike alikuwa dobi katika hoteli moja ya watalii, kule pwani ya mji. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka, kuyaanika, kuyapiga pasi, na kesho kuyakuta machafu vile vile. Lakini miaka ile ya themanini, kwetu, msichana akisema anafanya kazi hotelini, masikio ya watu hayakusikia mashuka. Yalisikia kitanda. Na vinywa vilimalizia yaliyobaki.

Hata hivyo alikuwa amepata mchumba, kijana mlimaji wa ng'ambo ya bonde, mpole mpaka ng'ombe walimdharau. Tatizo halikuwa kijana. Kijana alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, mwanamke ambaye hata katekista alimpisha mlangoni. Yeye alikuwa ametoa sharti moja: binti abatizwe kwanza, Mkesha wa Pasaka, halafu mnazi uletwe.

Kwetu uchumba haufungwi kwa karatasi. Upande wa mume huleta kibuyu cha mnazi nyumbani kwa binti. Binti huitwa mbele ya wazee, baba yake humwuliza, "Tunywe?" Akisema mnywe, wazee hunywa, na yeye ameshakuwa mke wa watu. Kibuyu kisipofika, hakuna wa kuulizwa kitu. Dada yangu alikuwa amekwisha jizoeza kulisema lile neno moja. Nilimsikia nyuma ya nyumba akilijaribu huku anasugua sufuria: mnywe, mnywe, mnywe.

Ikaja Jumapili ya kugawa majina. Katekista aliwapanga wakatekumeni mstari mmoja, akafungua kalenda ya watakatifu, akaanza kuwagawia kama mtu anayegawa samaki: huyu Agnesi, huyu Monika, huyu Yosefu, wewe pia Yosefu. Alipofika kwa dada yangu akasita. Akaitazama picha ukutani. Akamtazama dada yangu. Akatabasamu kama mtu aliyeokota kifuniko kikaenea chungu.

"Na wewe wa hoteli," akasema, "Magdalena. Limekukaa kama leso."

Akina mama wakacheka ndani ya viganja. Dada yangu alisimama wima, kidevu juu, akasema, "Asante, mwalimu." Lakini kwenye benchi la mbele mwenyekiti hakucheka. Alingoja watu watoke, akaja mpaka tulipokuwa, akasema bila hasira, na hilo ndilo lililotisha.

"Mimi na binti hatuna ugomvi. Lakini mudzi wangu, boma zima, una wakwe na wajukuu na wapita njia. Sitasimama uani kwangu nikaita 'Magdalena, lete maji', nikawa natangaza umalaya mpaka nyumba ya tano. Jina hilo haliingii kwangu."

"Jina limekwisha tamkwa," katekista akadakia kutoka penye picha. "Nazi ikianguka hairudi mnazini. Asiyelitaka angoje Pasaka ya mwakani."

Ndipo dada yangu akawa kati ya jiwe na mchi. Akilikubali jina, kibuyu hakiji. Akilikataa, ubatizo hakuna, na bila ubatizo kibuyu hakiji vile vile. Kwa ukarimu wa kanisa letu alikuwa na njia mbili, na zote zilikwenda mahali pamoja. Na mwaka mzima ni mrefu: mama wa kijana alikuwa ameshaanza kuulizia binti mmoja wa Magarini ambaye, kwa bahati njema, aliitwa Ana.

"Kaka," dada yangu aliniambia jioni ile, "wewe ndiye uliyesoma. Jina mimi silikatai. Yule mwanamke wa kwenye picha naona amechoka kama mimi nikimaliza mashuka. Lakini na yule kijana simwachi. Soma, unitafutie la kusema."

Mtu mwingine angefungua Biblia. Mimi nilikuwa nayajua yote tayari, ya nini kufungua? Nilivaa shati la mikono mirefu, nikachukua kitabu changu cha nyimbo pamoja na unywele wangu mtakatifu, nikavuka bonde kwenda kuokoa ukoo.

Nilimkuta mwenyekiti akipukuchua mahindi mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Leo umevaa kama mtu wa benki."

Niliketi. Nikakohoa. Nilikuwa nimejifunza kwamba hotuba nzuri huanza kwa kumkubalia mpinzani wako jambo moja, ili alegee.

"Mama, ni kweli Magdalena alikuwa malaya."

"Haya."

"Malaya mkubwa! Yerusalemu nzima!"

"Nimesikia. Endelea."

"Lakini alitubu, mama! Miaka thelathini, pangoni Watamu!"

"Uchi?"

"Kwa nywele, mama."

"Kwa hiyo uchi."

"Nywele zilikuwa nyingi."

"Na nani alimwona?"

"Malaika tu. Walimchukua kila wakati wa chakula."

Akaacha mahindi. "Malaika hao ni wanaume ama wanawake?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mtihani wetu. Nikaona ni wakati wa kutoa ushahidi. Nikafungua kitabu polepole, nikamwonyesha unywele. Aliushika, akauvuta huku na huku, akaunusa, akanirudishia.

"Hii kumbi, baba, nyuzi za ganda la nazi. Wavuvi wanafungia madema ya samaki. Nimesokota kamba za namna hii tangu sijavunja ungo."

Nilirudisha masalia yangu kitabuni kwa heshima zote. Yeye alirudia mahindi yake.

"Kama ulikuja kunisaidia, umenisaidia," akasema. "Nilikuwa na shaka kidogo, sasa sina. Lakini sitaki watu waseme nimemwonea mtoto wa watu. Jumapili ya Matawi padri anakuja. Nitamwuliza mbele ya watu. Akisema ni jina la heshima, kibuyu kitakuja. Akisema kama ulivyosema wewe, nampeleka mwanangu Magarini."

Nikiwa naaga niliona kitambaa chekundu kilichopauka, kimening'inia kwenye msumari juu ya mlango. Nilikijua, wote tulikijua. Mwenyekiti alipokuwa bado mwali alishikwa na pepo. Hakula, hakulala, alisema kwa sauti zisizokuwa zake, mpaka akapelekwa kupungwa, amefungwa kitambaa hicho, na ngoma yake wazee walisema ilisikika mpaka mtoni Sabaki. Alipona, akaolewa, akabatizwa, akawa mwenyekiti. Kuhusu pepo wale hakuna aliyethubutu kutamka neno mbele yake, na kwenye mikutano ya akina mama yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukemea ngoma.

Nyumbani nilimwambia dada yangu kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri.

"Vizuri vipi?"

"Ametusikiliza mpaka mwisho."

Alinitazama, akachukua kitabu changu cha nyimbo, akafungua penye unywele, akaupuliza nje ya dirisha. Tangu hapo hakujizoeza tena lile neno lake.

Jumapili ya Matawi ilifika. Tulipunga makuti, kwa kuwa Mungu alitupangia Yerusalemu yetu katika nchi ambayo matawi hayana shida. Dada yangu aliomba ruhusa kazini, akaja, mikono yake imekwajuka kwa sabuni. Baada ya misa padri aliketi kwenye benchi nyuma ya kanisa, kofia ya pikipiki iko kando, akapewa chai na mahamri. Alikuwa mtu wa bara, mfupi, mwenye haraka ya njaa, na Kiswahili chake kilikuwa kikitembea bila viatu. Sisi watu wa pwani tulikisikiliza kwa uvumilivu wa Kikristo.

Katekista alitangulia. "Padri, kuna kesi ndogo, hata haifai kukusumbua."

"Haifai basi mbona watu wote wamesimama?" padri akauliza. Kwa kweli kigango kizima kilikuwa pale, pamoja na wale ambao hawakuja misa.

Mwenyekiti akasogea mbele. "Padri, mimi niulize kwa kifupi. Huyu binti amepewa jina la Magdalena. Anataka kuja kwangu awe mkwe. Magdalena alikuwa malaya, au hakuwa?"

Padri alitafuna, akameza.

"Hakuwa," akasema, akachukua hamri lingine.

Katekista akacheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mkubwa asiaibike. "Padri labda hakulipata jina. Magdalena. Yule wa machozi. Yule wa nywele."

"Nimelipata. Yule wa machozi hana jina. Luka hakumpatia jina. Aliingia kwa nyumba ya Mfarisayo, akalia, akasamehewa, akaenda zake. Halafu kuna Maria wa Bethania, dada ya Martha. Huyo alipaka Bwana mafuta, akapanguza miguu na nywele. Hao ni akina mama wawili. Magdalena ni wa tatu."

"Lakini mapadri wa zamani, padri, hata hao walihubiri..."

"Walihubiri, wakakosea. Walichukua dhambi ya huyu, na nywele ya huyu, wakaweka kwa Magdalena. Ni kama mtu achukue makosa ya mama wa Jilore aweke kwa mama wa Magarini, eti kwa sababu wote wamefunga leso."

Akina mama wakaguna. Hilo walilielewa vizuri mno. Mambo kama hayo yalikuwa yakitokea kila wiki kisimani.

Mwenyekiti hakutosheka. "Sasa huyo wa tatu alikuwa na nini? Lazima alikuwa na kitu. Watu hawasemi bure."

"Alikuwa na pepo saba. Bwana akamtoa."

Niliona bega la mwenyekiti likishtuka. Hakuna aliyemtazama, na hivyo ndivyo unavyojua kwamba wote walikuwa wakimtazama.

"Saba?" akauliza polepole.

"Saba."

"Wote kwa pamoja?"

"Kitabu haisemi. Inasema saba."

"Kwa hiyo hakuwa malaya. Alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa, mama. Akapona."

Mwenyekiti alitazama chini, akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Halafu mwanamke yule, ambaye alikuwa amewafukuza watu wawili kwenye chama cha akina mama kwa kosa la kusimama tu karibu na ngoma, akainua uso mbele ya padri, mbele ya katekista na mbele ya kigango kizima.

"Mimi nilikuwa na watatu," akasema. "Watatu tu, na nusura wanizike. Saba! Maskini mama wa watu." Akatikisa kichwa kama anayemsikitikia jirani.

Katekista akafungua kinywa.

"Wewe nyamaza," mwenyekiti akamwambia. "Miaka yote hii unamtukana mgonjwa."

Kisha akamgeukia dada yangu. "Magdalena," akaita, kwa sauti ya kuonja, kama mtu anayetia mchuzi kiganjani kuona chumvi.

"Abee, mama."

Akaita tena, safari hii kwa sauti ya kufika nyumba ya tano. "Magdalena!"

"Abee, mama!"

"Haya. Linaitika. Mwambie baba yako kibuyu kitakuja."

Dada yangu alijifunika uso kwa leso, mabega yakamtetemeka, na hatukujua kama analia au anacheka. Mimi nadhani alikuwa akijizoeza lile neno.

Hapo mtu mwenye akili angemshukuru Mungu, akala hamri, akaenda nyumbani. Lakini mimi nilikuwa msomi, na kulikuwa na jambo la kitaaluma ambalo halijatatuliwa. Nikapenya katikati ya watu.

"Padri, na pango je?"

"Pango gani?"

"La Watamu. Miaka thelathini. Malaika, chakula."

Padri alinitazama tangu kola ya shati hadi viatu. Akaweka kikombe chini.

"Hakufika Watamu, bwana. Hiyo ya pango ni hadithi ya watu tu, na hata wao walisema ni Ulaya. Kwa Biblia, Magdalena alienda kaburini asubuhi, giza bado, akakuta jiwe limeondolewa. Bwana akamtuma aambie wale wanaume. Akaenda, akawaambia. Hapo ndio habari yake inaisha."